Waashi Nao Wana Haki ya Kuungana



Kila Jumapili wengi wetu wa Kitui na Makueni husali ndani ya kuta zilizoinuliwa kwa jasho la waashi na wapasua kokoto. Twazisifu kuta hizo, lakini ni nadra tuulize waliozijenga walilipwa nini, au nani aliwatetea walipoumia kazini.

Dai hili si geni. Mwaka 1935 kiliundwa Nairobi chama cha wafanyakazi ambacho Makhan Singh alikuwa katibu wake, kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 mafundi wa ujenzi waliweka zana chini kwa siku 62. Waajiri wakasalimu amri, na ujira ukapanda kwa asilimia 15 hadi 22. Mwaka 1938 wazee wetu wa Ukambani, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kupinga kunyang'anywa mifugo. Fundi na mfugaji walifundishwa somo moja: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mkoloni naye alilielewa somo hilo. Muindi alihamishiwa Lamu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa 1949 na Fred Kubai pamoja na Singh lilinyimwa usajili. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili. Mei akakamatwa, asiachiliwe hadi 1961. Silaha hiyo hiyo ya kuzuia watu kuungana ndiyo iliyotumika 1982, nchi ilipofanywa ya chama kimoja kisheria, hadi Desemba 1991.

Leo Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yamlazimu mwajiri kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Lakini sisi wanasheria twajua kwamba haki haijipeleki mahakamani. Kibarua aajiriwaye asubuhi na kufukuzwa jioni, bila hata karatasi, atathibitisha nini peke yake?

Basi tuanzie nyumbani. Kamati za ujenzi za makanisa yetu ziwape mafundi mikataba ya maandishi, wala zisimfukuze yeyote kwa kujiunga na chama. Tusiidai haki Bungeni huku tukiinyima uani kwa kanisa.