Barua ya Wazi kwa Mkubwa wa Maji ya Shule: Watoto 400, Kikombe Kimoja

Kwa Mheshimiwa uliyekabidhiwa maji ya shule zetu, Garissa.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na jamaa zako, na mifereji ya nyumbani kwako inatoa maji. Jina lako sitalitaja. Unajijua, na malalamiko yetu ya maandishi yamo ofisini mwako, kama hayajafunikwa na mengine.

Mheshimiwa, binti yangu hakufanya mtihani wa KPSEA. Wenzake wa gredi ya sita walipokuwa wakifungua karatasi, yeye alikuwa wodini kwa taifodi, maji safi aliyoyakosa shuleni akiyapata kwa sindano. Daktari aliniuliza mtoto anakunywa maji gani. Nyumbani tunachemsha. Shuleni wanakunywa maji ya mto yanayoletwa na mkokoteni wa punda na kumiminwa kwenye pipa lisilo na kifuniko. Kando ya pipa kuna kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba. Kinazama pipani, kinapanda mdomoni, kinarudi pipani, anapokea mwingine. Watoto 400.

Huenda ukasema hakuna ushahidi kwamba ugonjwa ulitoka kwenye pipa lile. Karibu basi, uje tuyapime maji yake pamoja. Ukiwa na haraka, kunywa tu.

Siku ya kuzindua tangi la shule sote tulikuwepo. Tangi jipya, jeusi, la lita 10,000. Mlikuja na maji ya chupa na katoni za vikombe vya kutupa, kila mtoto akashikishwa kikombe cheupe, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, magari yakaondoka. Vile vikombe vya kutumia mara moja watoto walivitumia mpaka vikapasuka, kwa kuwa hakuna aliyeleta vingine, wala maji ya kutia ndani yake. Nakumbusha tu kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 vikombe vya aina hiyo vimepigwa marufuku katika mbuga za taifa. Twiga wamepata mtetezi. Hongera zao.

Tufanye hesabu, maana wewe ni msomi. Shirika la Afya Duniani linataka mwanafunzi wa shule ya kutwa apate walau lita 5 kwa siku. Watoto 400 ni lita 2,000. Tangi likijaa pomoni linatosha siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Bauza lenu la maji huja mara moja kwa muhula, likikumbuka njia. Wiki zote zilizobaki ni pipa na kikombe cha kamba. Na mtihani ulifanywa bila binti yangu.

Utasema ni ukame. Unatusimulia sisi habari za ukame? Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga iliyolala njiani ilikuwa ya mifugo yetu. Lakini Tana inapita papa hapa mjini, na Novemba 2023 ilifurika ikawatoa watu majumbani. Maji yakipungua, kosa ni la jilaal, kiangazi chetu. Yakizidi, kosa ni la El Niño. Ofisi yako haijawahi kukosea hata siku moja.

Utasema tena kwamba shule ya msingi ni ya serikali kuu na maji ni ya kaunti. Ni kweli, Jedwali la Nne la Katiba limegawa hivyo. Ila mwanangu hakugawanywa. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na haikusema haki hiyo isimame kengele ya asubuhi inapolia. Ibara ya 204 nayo iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ifikishe maji, barabara, afya na umeme kwa waliosahauliwa. Garissa imo katika orodha, Wajir imo, Mandera imo. Katiba ni ya 2010. Miaka hiyo inakwisha. Fedha zimefika pipa gani?

Sijataja wasichana wanaobaki nyumbani siku zao za mwezi kwa kukosa maji ya kujisafisha. Sijataja walimu wanaoomba uhamisho. Nataja moja, kwa sababu ndilo lililoingia nyumbani kwangu: mtihani ulifanywa bila binti yangu.

Ninachotaka si kikubwa. Tangi liinuliwe juu ya msingi na kutiwa bomba, mikono isiingie majini. Ratiba ya bauza ibandikwe kwenye ubao wa shule, ili likikosa kuja tujue nani wa kumuuliza. Maji yatiwe dawa na yapimwe. Kila mtoto awe na kikombe chake cha kuosha na kutumia tena. Cha kutupa peleka kwenye sherehe zako. Kisha tusomewe hadharani hesabu ya fedha za maji, shule kwa shule, kutoka Balambala hadi Hulugho. Tumechoka kupewa maji siku ya kamera na kunyimwa siku ya masomo. Hivyo ndivyo Kaskazini Mashariki imekuwa ikitawaliwa, kwa uzinduzi.

Mdogo wa binti yangu yuko gredi ya tano, anakunywa kwenye pipa lile lile, na mwakani atakuwa na mtihani. Nataka jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa. Lisipokuja, wazazi tutakuletea pipa hilo mlangoni mwa ofisi yako, na kikombe chake.

Mimi mzazi,
Garissa.