Mdudu Ndani ya Kaharabu na Amana ya Elimu



Misafara ya karne ya 19 ilifika Ujiji ikitoka pwani ya Mrima. Huko pwani ilichimbwa sandarusi, utomvu wa mti ulioganda, ikauzwa Unguja na kupelekwa Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Ndani ya baadhi ya vipande mlikuwa na wadudu. Sandarusi ni changa. Kaharabu ya Myanmar ina takriban miaka milioni 99, nayo imehifadhi mbawakavu, wadudu wenye mbawa ngumu za juu.

Mtaalamu anayedhani amepata aina mpya hukisugua kipande king'ae, huchunguza vipapasio, miguu na mbawa kwa hadubini, hulinganisha na aina zinazojulikana, kisha huchapisha maelezo na jina. Kielelezo chenyewe huwekwa makumbusho ili wengine wakikague.

Nasi twaijua adabu hiyo: wanazuoni wa Hadithi hawakupokea kauli bila kuchunguza sanadi yake. Na Suratul-Baqara yatueleza kuwa Nabii Adam, amani iwe juu yake, alifundishwa majina. Basi mtoto akiuliza mdudu huyu aitwaje, tusimkemee. Tumfundishe kutazama, kulinganisha na kusema kweli, kwani kutoa jina ni amana.

Wallahu aalam.