Hilo Ua Lililokauka Si Takataka

Nitasema hivi, na wa kukasirika akasirike: ukinunua gazania kila msimu wa mvua huku zile za mwaka jana zikikatwa mbele ya keja yako, wewe hupendi maua, unapenda kununua.

Mche mmoja una bei yake, na inapanda muuzaji akishaona simu yako. Unabeba mitano, unapiga picha, unaweka statusi. Maua yakikauka, keateka anaitwa na panga, "toa hii uchafu." Hapo ndipo damu yangu huchemka. Kile kichwa kikavu ndicho duka lenyewe! Ndani yake kuna miche ya kutosha ploti nzima, na ni ya bure.

Sina ugomvi na wauza miche wa kando ya barabara. Waliowahi kunijibu ukweli waliniambia mbegu nyingi wanaokota wenyewe. Wao wanajua. Sisi ndio tumekataa kujua, halafu tunajiita watu wa mimea.

Gazania haikutaki ujuzi. Acha ua lijifunge na kukauka hadi uone manyoya kama pamba, ng'oa kabla upepo haujakuibia. Tawanya juu ya udongo, funika kidogo tu kwa sababu inapenda giza ikiota, nyunyizia maji. Wiki moja au mbili, imetoka.

Ile ya kuniudhi kabisa ni kana, ile yenye majani mapana kama ya mgomba na maua mekundu au ya njano. Iko kila mahali: mbele ya kanisa, kwa kituo cha mafuta, kando ya mtaro. Tukiwa primo tulirushiana mbegu zake kama risasi, zile nyeusi za mviringo ndani ya kibofu chenye miba laini. Sasa mtu mzima ananiambia eti alijaribu kuzipanda "zikakataa." Hazikukataa, manze. Ganda lake ni gumu, maji hayapiti. Chukua msasa, sugua upande mmoja mpaka uone weupe, loweka usiku mzima kwa maji vuguvugu, kisha zika kina cha kama sentimita moja. Kazi ya dakika tano, na mmea huo utakaa nawe miaka.

Kuna wajuaji watasema, "lakini mbegu haitatoa rangi ileile." Kweli, hasa kama mama yake ni chotara. Ukitaka pacha, chimba shina la chini ya ardhi ugawe. Mimi nataka ile ya kushtukiza, rangi ambayo hakuna duka linaiuza.

Na msifikirie hii ni mambo ya mashosho. Sheria yetu ya mbegu, baada ya kufanyiwa marekebisho 2012, iliweka faini ya hadi milioni moja na kifungo cha hadi miaka miwili kwa makosa ya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa. Wakulima 15 walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Wale walipigania maharagwe na mahindi ya nyanya zao. Kizazi chetu hakikatazwi na mtu kuokota mbegu ya ua, na bado kinaitupa kwa dastibini. Nchi inayopeleka waridi mpaka Uholanzi, na vijana wake hawajui ua huzaa mbegu wapi! Aki hiyo ni aibu.

Agapanthasi sitawadanganya: ukiipanda kwa mbegu, unaweza kungoja miaka mitatu hivi ndio uone lile ua la buluu. Wengi wenu hamwezi kungoja video ya dakika tatu iishe. Panda tu, ikingali mbichi, kwa sababu mbegu yake ikikaa sana inapoteza nguvu.

Mvua ndefu ni Machi. Okota sasa, kukiwa na jua, siku kavu. Weka kwa bahasha ya kaki, andika jina na tarehe. Usifunge kwa plastiki, zitashika ukungu. Na mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, mnaitoa wapi? Ikiwa ua ni la jirani, bisha mlango kwanza.