Somo la Nane: Akiba au Mzigo?

Kama una mtoto katika shule ya upili, huenda ubishi huu umewahi kuzuka mezani kwako.

Mwanzoni mwa 2026 kaka yangu alinialika kwake siku ya Jumapili. Nilidhani ni chakula tu, kumbe nimeitiwa kesi! Binti yake alikuwa ameingia kidato cha tatu, na fomu ya kuchagua masomo ilikuwa mezani kando ya bakuli la kachumbari. Baba alitaka masomo manane. Binti alitaka saba, aiache Fizikia.

"Akiba haiozi," kaka akaanza. "Akianguka moja, la nane litamwokoa."

"Shangazi, mwambie baba mshika mbili moja humponyoka," mpwa wangu akajibu. "Hisabati yenyewe inanishinda. Nitaongezaje mzigo?"

Wifi yangu akaendelea kupakua wali kana kwamba hasikii.

Sasa, msomaji, kabla hujachukua upande, hebu tuangalie kanuni zenyewe. Mtahiniwa wa KCSE husajiliwa kwa masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi tisa. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima. Huongezwa sayansi zisizopungua mbili, na angalau somo moja kutoka kundi la Historia, Jiografia na Dini. Yanayobaki ni hiari yake, mradi shule yake inayafundisha.

Hata akifanya tisa, yanayohesabiwa katika gredi ya wastani ni saba tu. Tangu mtihani wa 2023, saba hayo ni Hisabati, lugha moja aliyoifanya vyema zaidi, na mengine matano aliyopata alama za juu. A ina pointi 12, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 84.

Hapo ndipo kaka ana haki. Chukua mwanafunzi wa masomo saba aliyepata B katika sita, yaani pointi 54, kisha akapata D katika Fizikia, pointi 3. Jumla ni 57, gredi ya B-. Lau angekuwa na somo la nane lenye C+, pointi 7, lingeshika nafasi ya ile D. Angefikisha 61 na kupata B. Mwenye masomo saba hana cha kutupa. Kila alichovuna, kibovu na kizima, huingia kwenye mizani.

Lakini binti naye ana hoja. Hisabati haitupwi. Ile D ikiwa ni ya Hisabati, itahesabiwa hata akiongeza masomo hadi tisa. Na somo la nane halisomwi bure. Linataka vipindi, mazoezi na saa za usiku, na mara nyingi saa hizo huibwa kutoka kwa lile lile somo linalomtesa mtoto.

Hata hivyo, kuna swali ambalo baba na binti hawakuwa wameliuliza: mtoto mwenyewe anataka kuwa nani?

Gredi ya wastani humfikisha mtoto langoni tu. C+ ndicho kiwango cha chini cha kuomba nafasi ya digrii katika vyuo vikuu. Baada ya hapo hutazamwa masomo manne ambayo kozi yenyewe inayadai. Uhandisi haupatikani bila Fizikia. Udaktari haupatikani bila Biolojia na Kemia.

Haya nayajua kwa uchungu, msomaji. Nilipokuwa kidato cha tatu, wasichana kadhaa tuliacha Fizikia kwa siku moja. Mwalimu mmoja alikuwa ametuonya kwamba ingeshusha wastani wa darasa, nami sikutaka kubaki peke yangu na wavulana. Na mimi ndimi niliyekuwa nikiifungua redio ya baba, nikairudisha ikiimba!

Matokeo yalipotoka, gredi yangu haikuwa mbaya. Nikafungua kijitabu cha kozi. Kila nilipotua kwenye mambo ya umeme, nilikuta wanadai somo nililoliacha. Siijutii kalamu hii, maana inanilisha. Ninachojutia ni kwamba mlango ule niliufunga kwa mkono wangu nikiwa na miaka 16, wala hakuna aliyeniambia kuwa ni mlango.

Basi kabla ya kubishania saba au manane, kaa na mwanao umuulize mambo matatu. Kwanza, anaota kazi gani, na kazi hiyo inadai masomo yapi? Pili, lile analotaka kuliacha, amelipata alama gani muhula baada ya muhula? Mtoto anaweza kulichukia somo kwa sababu amemchukia mwalimu, na mwalimu huhamishwa. Tatu, la nane likibaki, saa zake zitatoka wapi? Majibu yapatikane mapema, kwani usajili wa kidato cha nne ukifungwa, kubadili nia ni taabu.

Nilimuuliza mpwa wangu la kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anataka kuwa wakili. Baba yake aligeuka kumtazama. Hakuwa amewahi kulisikia hilo.

Wakili hadaiwi Fizikia. Kaka akatia sahihi masomo saba, lakini kwa sharti: saa zote za Fizikia ziende kwa Hisabati, na ratiba ibandikwe ukutani aione. Wifi, ambaye kumbe alikuwa akisikia kila neno, ndiye aliyeleta gundi. Kama nilishauri vyema au vibaya, mtihani wa 2027 utatuambia.

Mdogo wake, aliyeingia Gredi ya Kumi Januari 2026, alikuwa akitucheka. Kwao hakuna ugomvi wa idadi: masomo manne ya lazima, matatu ya kuchagua, basi. Nikamuuliza, "Na hayo matatu yako, yanakupeleka wapi?"

Kicheko kikakatika. Baba yake akavuta kiti karibu naye.