Tembe ya thairoidi haitaki chai ya maziwa

Msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Meru au Embu, bila shaka umewahi kumwona nyanya mwenye rovu shingoni, au mwenye kovu refu chini ya koo pale rovu lilipokatwa. Zamani hilo lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu zinazouzunguka Mlima Kenya. Mvua ya miaka na mikaka imeosha madini ya iodini kutoka udongoni, na chakula kinachomea katika udongo wa aina hiyo hakiwezi kutupa kile ambacho chenyewe hakina. Mwaka wa 1978 sheria iliwalazimisha watengenezaji kutia iodini katika chumvi ya mezani, na matunda yake yalionekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1994 ulipata rovu kwa watu 16 katika kila 100. Kufikia 2004 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 6. Chumvi ya pakiti unayonunua leo, uwe Maua au Runyenjes, ni ile iliyotiwa madini hayo tayari.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya tabia moja ambayo naona inaenea kwa kasi. Mgonjwa anaambiwa tezi yake ya thairoidi ni vivu, anapewa tembe, naye baada ya miezi miwili anaziweka kando na kununua chupa ya vitamini, unga wa mwani kutoka pwani, au mchanganyiko wa mitishamba unaosifiwa redioni. Anajiambia kuwa "anatibu chanzo". Chanzo kipi?

Kwa mkazi wa mjini anayekula chumvi ya dukani, chanzo kwa kawaida si upungufu wa iodini. Mara nyingi ni ugonjwa ambao daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliueleza mwaka wa 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Katika ugonjwa huo askari wa mwili, wale wanaotukinga dhidi ya viini, hugeuka na kuishambulia tezi polepole mpaka ichoke. Wengine tezi yao ilikatwa wakati wa kuondoa rovu, au ilitibiwa kwa miale ya nyuklia ilipokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Katika hali hizi zote, kumwaga iodini mwilini ni kama kuendelea kuleta mahindi katika kinu kilichovunjika. Tena kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto iodini nyingi yaweza kuizidishia tezi udhaifu, na mwani una iodini ya kiwango ambacho hata muuzaji hakijui.

Tezi hii ina umbo la kipepeo, nayo imelala mbele ya koo. Hutoa homoni inayoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Homoni ikipungua, kila kitu hupoa: moyo hupiga polepole, tumbo hufunga choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso huvimba, kumbukumbu hupotea, hedhi huwa nzito na ya siku nyingi. Mtu huongeza uzani ingawa hali chakula kingi. Kuhisi baridi Meru mjini mwezi wa Julai si ajabu, lakini ukimwona mtu amejifunika sweta kule Ishiara saa nane mchana, hapo pana neno. Ubaya ni kwamba dalili hizi huja kwa kunyemelea. Mume husema mkewe amekuwa mvivu, mkubwa wa kazi huandika barua ya onyo, majirani hunong'ona kuhusu uchawi. Wanaume nao, ambao hupatwa ingawa ni wachache kuliko wanawake, hufukuza uchovu kwa miraa au muguka, na hivyo ugonjwa hujificha nyuma ya macho makavu kwa mwaka mzima.

Kipimo cha damu kiitwacho TSH ndicho hufichua mambo. Hupima sauti ya ubongo ukiiamrisha tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, ubongo hupaza sauti na kiwango cha TSH hupanda. Usikubali kutibiwa tezi kwa kutazamwa macho tu.

Sasa dawa. Mwaka wa 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama huyo, aliyekuwa amedhoofika kabisa, aliishi miaka 28 zaidi akiwa katika tiba hiyo. Leo hatuhitaji kondoo. Levothairoksini ni homoni ile ile ya mwili iliyotengenezwa kiwandani, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imekoma kabisa, kiwango ni takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzani, yaani karibu 100 kwa mtu wa kilo 60. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo sana, na asijaribu kuharakisha.

Lakini dawa nzuri huharibiwa na mazoea. Hapa kwetu siku huanza kwa kikombe cha chai iliyopikwa kwa maziwa, na mgonjwa humeza tembe yake kwa chai hiyo hiyo. Kalsiamu iliyomo katika maziwa huishika dawa tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Kahawa pia huipunguza, jambo gumu kuliambia eneo linaloikuza. Uji wa unga mchanganyiko wenye soya hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa hurudi kliniki TSH ikiwa bado juu, daktari huongeza dawa, kumbe dawa ilikuwa inaishia chooni.

Meza tembe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha chai ingoje angalau nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi soko la Gakoromone ataniuliza muda huo ataupata wapi. Basi na ameze usiku anapokwenda kulala, mradi saa tatu zimepita tangu chakula cha jioni. Muhimu ni kuchagua wakati mmoja na kuushika.

Na hapa ndipo vitamini zinapoingia, mara nyingi kwa mlango usiofaa. Tembe za madini ya chuma, za kalsiamu, na dawa za kutuliza kiungulia zote huzuia levothairoksini. Zitenganishe kwa saa nne. Simaanishi kwamba vitamini ni takataka. Mwanamke mwenye hedhi nzito huenda kweli akapungukiwa na damu na kuhitaji madini ya chuma. Mwenye ugonjwa wa Hashimoto yumo katika hatari zaidi ya kukosa vitamini B12, na akihisi ganzi miguuni na apimwe. Ukikosa vitamini D, utapewa. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba seleniamu, zinki au vitamini yoyote itachukua nafasi ya homoni ambayo tezi haitoi tena. Bayotini, ile inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ina hila yake: yaweza kuchafua matokeo ya maabara, hivyo iache siku mbili kabla ya kutoa damu.

Je, wale wanaotoa ushuhuda kwamba waliacha tembe wakapona kwa unga fulani? Fanya hesabu nami. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huchukua karibu siku saba kutoweka, na nusu ya iliyobaki siku saba nyingine. Mtu akiacha leo, wiki mbili za kwanza ataendelea kutembea kwa nguvu ya tembe alizomeza mwezi uliopita. Ushuhuda hutolewa katika wiki hizo mbili. Mwezi wa tatu, anaporudi akiwa amevimba uso, hakuna anayemshikia kipaza sauti. Kwa sababu hiyo hiyo TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane tangu kiwango kibadilishwe, si kesho yake.

Kuhusu chakula, watu wamekatazwa mengi bila sababu. Kabeji na sukuma wiki zilizopikwa hazitakudhuru kwa kiasi tunachokula. Chapati si adui yako isipokuwa umepimwa ukapatikana na ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano. Githeri na mboga za kienyeji zitakusaidia choo kilichofunga. Muhogo ndio wenye historia: katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waliona rovu kwa wingi pale ambapo muhogo usioandaliwa vyema ulikutana na uhaba wa iodini. Wenzetu wa Mbeere na Tharaka wanaoupenda wauloweke na kuupika barabara, watie chumvi yao ya pakiti, kisha wale bila hofu.

Tangu mwaka 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti. Kwa maoni yangu, kumfanya mgonjwa wa Siakago asafiri hadi hospitali kuu kwa ajili ya kipimo kimoja cha damu ni kumwambia aende kwa muuza unga, kwa maana huyo yuko hapo sokoni kila siku. TSH na tembe zenyewe zingefikishwa katika hospitali za kaunti ndogo, zisikose.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni waja wazito. Mimba huongeza mahitaji ya homoni hii tangu wiki za mwanzo, na wengi huhitaji dawa zaidi kwa karibu robo ya ile ya kawaida. Mwanamke asiyeijua hali hii husikia kwamba dawa ni hatari kwa mtoto, akaiacha, na kufanya hivyo huweza kuleta kuharibika kwa mimba na kudhuru ubongo wa mtoto. Mwingine haachi, ila huichanganya na ile tembe ya madini ya chuma anayopewa kliniki. Ukijua una mimba, usisubiri miadi yako. Nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo.

Na kuna mtoto anayezaliwa bila tezi inayofanya kazi, mmoja katika takriban 2,000 hadi 4,000. Katika nchi nyingi tajiri kila mtoto huchomwa kisigino na damu yake kupimwa. Kwetu hilo bado si desturi. Kwa hiyo kazi ni ya mama na nyanya. Mtoto asiyelia, anayelala mno, anayenyonya kwa shida, ambaye macho yake ya manjano hayaishi, ulimi umetokeza na kitovu kimevimba, husifiwa kuwa mpole. Msimsifu. Mpelekeni apimwe mara moja, kwa kuwa tembe ile ile ndogo, ikisagwa na kuanzwa kabla hajatimiza wiki mbili, humwezesha kwenda shule pamoja na wenzake.