Mitambo ya Mwajiri, Haki ya Mfanyakazi

Mwaka 1945, katika shauri la kiwanda cha ndege cha Republic Aviation, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mwajiri hana ruhusa ya kuwakataza wafanyakazi kushawishiana kujiunga na chama chao wakati wa mapumziko, ijapokuwa kiwanda ni mali yake.

Siku hizi wengi hufanya kazi ofisini, na barazani pao ni barua pepe. Hapo ndipo haki hiyo ilipoanza kuchezewa. Mwaka 2007, katika shauri la gazeti la Register-Guard la Oregon, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mwajiri aweza kupiga marufuku barua za chama katika mitambo yake. Mwaka 2014 Bodi ikageuka: aliyekwisha kuruhusiwa kutumia barua pepe kazini aweza kuitumia kwa mambo ya chama nje ya saa za kazi. Mwaka 2019 ikageuka tena, ikamrudishia mwajiri rungu lake.

Katika miaka hiyo yote sheria mama, ile ya 1935, haikubadilishwa katika jambo hili. Waliobadilika ni wajumbe, ambao huteuliwa na Rais. Haki inayokuja na kuondoka na wateuliwa si haki, ni fadhila.

Watetezi wa waajiri husema mitambo ina mwenyewe. Je, kuta za kiwanda kile cha 1945 zilikuwa za nani? Mfanyakazi haombi kumiliki mtambo. Anadai kusemezana na mwenzake, na dai hilo lastahili kuandikwa ndani ya sheria yenyewe.