Kiboko Hakikuwa Haki

Wako watu, tena wenye elimu, ambao kila wizi wa kuku unapozidi kijijini huanza kuzililia siku za mkoloni. Husema kwamba zamani Bwana DC na mtemi walimaliza mashauri asubuhi, na jioni kijiji kimetulia. Leo kesi ya kuku huahirishwa mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo, wanadai, watendaji wa vijiji na kata wapewe uwezo wa kutoza faini, kufunga, na hata kuchapa. Hoja hii ni asali iliyotiwa sumu. Anayeitoa amesahau, au hakufundishwa, yale “makosa madogo” ya mkoloni yalikuwa makosa gani, na ni nani aliyefaidika na adhabu zake.

Tarehe 22 Aprili, 1896, Chansela wa Ujerumani alitoa amri kuhusu adhabu za wenyeji katika makoloni yake ya Afrika, Afrika Mashariki ikiwamo. Amri hiyo ilihalalisha mabwana wa boma kuhukumu na kuchapa hadi viboko 25 kwa mara moja. Waarabu na Wahindi waliepushwa na kiboko, Mwafrika hakuepushwa. Lakini siri ya amri ile imo katika kifungu kimoja. Mwajiri aliweza kuomba mfanyakazi wake achapwe, au atiwe minyororo hadi siku 14, kwa kosa la uvivu, ukaidi au kuacha kazi bila ruhusa. Hapo hapakuibwa kitu wala hakujeruhiwa mtu. Kosa lilikuwa kukataa kumtajirisha bwana shamba. Wananchi waliiita adhabu hiyo “hamsa ishirini”, na mwaka 1905 watu wa kusini walitoa jibu lao katika Vita vya Maji Maji.

Waingereza walikuja na ulimi laini zaidi, lakini mkono ulikuwa ule ule. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi na majumbe uwezo wa kutoa amri kwa watu wao na kuwaadhibu waliozikaidi. Mwaka 1929 ikafuata sheria nyingine, iliyoziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Wakili hakuruhusiwa kuingia humo. Aliyeonewa na mtemi alikata rufaa kwa DC, ambaye ndiye msimamizi wa mtemi huyo. Akishindwa hapo alipanda kwa mkuu wa jimbo, mwisho kwa Gavana. Ni sawa na kumshitaki fisi kwa mjomba wake.

Tazama basi jinsi mtambo huo ulivyofanya kazi. Mtemi alitoa amri. Tarishi wake alimkamata aliyeikaidi. Mtemi huyo huyo aliketi kumhukumu. Faini iliingia katika hazina ya utawala wa wenyeji, na mshahara wa mtemi ulitoka katika hazina hiyo hiyo. Mtu mmoja alikuwa mtunga amri, mkamataji, hakimu na mnufaika! Na mkosaji alikuwa nani? Alikuwa mkulima aliyeshindwa kulipa kodi, au aliyekataa kuchimba matuta. Huko Uluguru, mwaka 1955, watu walipochoka kulazimishwa matuta, waliandamana. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Huo ndio “utulivu” unaotamaniwa leo.

Ni kweli kwamba mashauri yale yalikwisha upesi. Yalikwisha upesi kwa sababu hakuna aliyeuliza swali. Hata panga hukata upesi, lakini hakuna anayeliita panga hakimu.

Chama cha TANU kiliyajua hayo kwa uchungu. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika katika Sauti ya TANU akiwatuhumu mabwana DC wawili kwamba waliitumia sheria kuwaonea watu. Serikali ya kikoloni ilimshitaki kwa kashfa, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa, na mapambano yakaendelea. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 ilifuta mahakama za kienyeji, ikaweka ngazi moja kwa watu wa rangi zote: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, hadi Mahakama Kuu. Mtawala akaambiwa atawale. Hakimu akaachiwa kuhukumu.

Mpaka huo ukivukwa, wa kwanza kuumia si mwizi wa kuku. Mwezi wa Februari, 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Jakaya Kikwete alimfukuza kazi, na alifanya vema. Hata Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, iliyompa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuzuiwa kwa saa zisizozidi 48, haikumfanya hakimu. Mtumishi anayedai leo kwamba mtendaji apewe kiboko na ajiulize kwanza: mgongo utakaolengwa kesho ni wa nani?

Kama kesi zinachelewa, na ziongezwe Mahakama za Mwanzo. Mahakimu waajiriwe na wapewe usafiri. Hakimu anayeahirisha kesi bila sababu awajibishwe. Kazi hiyo ni ngumu na ina gharama. Kiboko ni rahisi. Ndiyo maana mkoloni alikipenda, na ndiyo maana taifa huru halina haja nacho.